Wageni wa Ukutani

Kwanza ulikuwa unywele kwenye maharage: mfupi, mgumu, wa rangi ya kutu, unanata mafuta. Generoza akautoa kwa kijiko. Humo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba mkwe wake, mzee Sipriani, na mzee kichwani hana hata unywele wa kusingizia.

Masharubu ya rangi hiyo alijua yaliko. Juu ya meza ilining'inia picha aliyopewa na bibi wa Westerville ambaye Generoza alikuwa akimfanyia usafi nyumbani, siku bibi huyo alipohamia kwa mwanawe Louisville. Mchoro wa Kifaransa, wa zaidi ya miaka mia na hamsini: askari watano mezani, sare zimebana vitambi, mafuta yanawachuruzika kidevuni, sahani tupu. Aliyewachora alikuwa anawakejeli. Generoza, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, naye askari hakuwapenda. Aliwatundika ili awacheke.

Kilichomponza ni malezi mema. Siku ya kwanza alikuwa anakula, akainua macho, akakuta wanamtazama. Kwao huli huku mtu anakutazama bila kumwambia neno. Likamtoka lenyewe: "Karibuni tule."

Basi wakala. Mara mbili aliitupa ile picha jalalani, mara mbili akaikuta ukutani, na kila alichotia mzee Sipriani mdomoni kikawa kimeshatafunwa, akakitemea kiganjani kimelainika, kina uvuguvugu, kinanuka tumbaku na meno mabovu, na kadiri mashavu ya mzee yalivyobonyea ndivyo vile vitambi vya ukutani vilivyonenepa, mpaka vifungo vya shaba vikaanza kudondoka sakafuni, vina jasho.

"Mkamwana, nina njaa," mzee alinong'ona.

Mumewe, Reginaldi, alipokwenda kufanya kazi kiwandani Buffalo alimwachia neno moja: nitunzie baba. Sasa baba alikuwa anaisha.

Jumamosi mchana, mzee akiwa amesinzia kitini, Generoza alimleta mchungaji Ezéchias, Mkongo mwenye kanisa Morse Road. Mchungaji aliziba pua kwa leso.

"Bon, mama. Hawa majini, ni weye njo uliwakaribisha?"

"Ni mimi, mchungaji. Sikujua."

"Mgeni mwenye ulikaribisha, huwezi mutupa. Utamusindikiza mpaka inje. Donc, kusikuwe mutu wa kusema kitu. Hata kwaheri."

Generoza akaishusha picha. Ilikuwa nzito, mafuta yakimtiririka mpaka viwikoni, na nyuma yake akasikia buti zikiinuka mezani, zikimfuata, na mtu akacheua shingoni pake pumzi ya nyama iliyooza, Generoza akapita mlango, akaanza kushuka ngazi, buti jozi moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ikavuka kizingiti.

Ndani, mzee Sipriani akazinduka. Alisikia wageni wanaondoka. Akainua mkono mkavu, kwa adabu zake zote.

"Karibuni tena," akasema.

Buti zikasimama kwenye ngazi. Kisha zikageuka. Picha ikawa nyepesi mikononi mwa Generoza. Akaitazama, akaona meza, sahani, na viti vitano vitupu. Ndani, mtu alikuwa anavuta kiti.