Mluzi wa Mnara wa Upepo

Niko juu ya mnara, nimening'inia kwa mkanda, na chini yangu kuna mtu ameshika spana... analegeza waya unaoshikilia mnara usianguke.

Mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Msikimbilie kutukana kwenye komenti. Ngojeni kwanza.

Kazi yangu ni kupima upepo. Kampuni ikitaka kujua kama kilima kinafaa mitambo ya umeme, sisi tunasimamisha mnara mwembamba, tunafunga vikombe vinavyozunguka, tunasubiri. Shemeji zangu huniuliza, "Kwa hiyo unalipwa kwa ajili ya hewa?" Nimezoea.

Mnara huu tuliusimamisha mimi na kaka yangu. Alikuwa anafunga bomba la mwisho, lile linaloshika vikombe, pale alipoteleza akaanguka.

Kizibo cha bomba tulikikuta mfukoni mwa maiti yake.

Tangu hapo bomba limebaki wazi. Upepo ukipita mdomoni mwake, linapiga mluzi. Mluzi wa mtu kabisa... unapanda, unakatika, unaanza tena. Vilevile kama kaka alivyokuwa akipiga kazini.

Nyumba yetu iko chini ya kilima. Mama alihamishia kitanda dirishani. Chakula hali, usingizi halali.

"Nimemkuta anaujibu ule mluzi," dada akaniambia. "Kazibe hilo bomba kabla hatujampoteza na yeye."

Nikapanda na kizibo.

Ndipo mama akaja na spana ya marehemu.

"Shuka," akasema.

"Mama, weka hiyo spana chini. Waya ukiachia, nakuja na mnara."

"Ndiyo maana nakwambia shuka."

"Ni bomba tu, mama. Ni upepo."

"Najua ni bomba. Unadhani nimekuwa chizi? Watoto mkishajua kupanda chuma, mnatuona sisi wajinga."

Pamoja na hofu yote, nilitaka kucheka.

"Hiyo ndiyo kazi aliyoiacha," akasema, na sauti ikamkatika. "Ukiimaliza wewe, na yeye atakuwa amemaliza."

Nati ikazunguka. Waya ukalia. Mnara ukayumba, nikaukumbatia.

"Mama, mnara wenyewe unang'olewa! Kilima hakifai, upepo wake ni haba. Nitalifungua bomba nikushushie, ukae nalo nyumbani."



Kisha nikasikia spana ikigonga mawe.

Nikalishusha bomba, nikalifunga juu ya paa la nyumba yetu. Halikulia. Huku chini upepo hauna nguvu kama kule juu, na paa letu limekingwa na kilima. Mama hakulalamika. Akarudi kula, akarudi kulala. Dada akanishukuru.

Jana mchana nilikuwa naye barazani, nasafisha vile vikombe vya kupimia upepo. Kumetulia, nguo kwenye kamba hazitikisi hata pindo.

Bomba likaanza.

Likapanda. Likakatika. Likaanza tena.

Nikavitazama vikombe mkononi mwangu. Vimesimama tuli.

Mama aliendelea kukunja nguo zake, hata kichwa hakuinua.

"Haya, fundi," akasema. "Pima."

Sikupima kitu. Nilikaa pale pale mpaka mluzi ulipokwisha wenyewe, na kizibo sijakigusa tena.

Funzo langu ni dogo, wapendwa. Mtu wako akikwambia anasikia sauti, kaa naye, usikilize kwanza. Habari za kuziba zije baadaye...

Kama bado utakuwa na ujasiri wa kupanda.