Mihogo ya Mama Mianda

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na baba tulipita shambani kutoa viwavi kwenye kabichi, ambazo kwetu Musonoi tunaziita shu. Hatukutumia dawa wala mbolea ya dukani, ila samadi ya mbuzi na majivu. Shamba lote lilikuwa shu tupu, kwa sababu kantini ya mgodi ilizinunua zote.

Jirani yetu Mama Mianda alichanganya mihogo, maharagwe, viazi vitamu, karanga na mchicha wa lengalenga katika shamba moja. Mimi nililiita shamba la takataka, tena mbele ya binti yake Fifi, niliyesoma naye darasa moja. Nilijiona mjanja sana.

Kisha mgodi ukadorora na kantini ikafungwa. Shu zetu zikaoza shambani, na zilizobaki zikaliwa na viwavi. Mwaka huohuo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, Mama Mianda akiwa mmoja wao, wakaanza kufukuzwa mjini. Vijana walifika kwa Mama Mianda mchana kweupe, wakatupa vyombo vyake nje. Mimi nilichungulia dirishani, sikutoka. Yeye na Fifi wakaenda kulala kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ambayo haikuja.

Nyumbani tukakosa hata unga wa bukari, ugali wetu. Siku ya tatu ya njaa niliingia shamba la Mama Mianda, nikang'oa mihogo, na mashina yake nikayatupa mtaroni.

"Umeitosha wapi?" mama aliuliza, akitaka kujua nilikoitoa.

"Mama Mianda alisema tuchimbe tu."

Mama alifurahi mpaka akatokwa machozi. Nilirudi shambani mara nne. Muhogo ule ulikuwa mtamu, lakini niliula nikiwa nimempa mama mgongo.

Jumapili, baada ya misa, mama akasema, "Blandine, twende tukamushukuru." Nilisingizia tumbo, hakunisikiliza.

Kituoni tulimkuta Mama Mianda ameketi juu ya furushi. Fifi alikuwa amekonda hata shingo yake sikuitambua.

"Mama, aksanti sana kwa mihogo. Batoto banakula sababu yako," mama alisema.

Fifi akanikodolea macho. "Juzi mi nilienda kuchimba," alisema polepole. "Kwa mihogo nilikuta mashimo tu, na viazi bado ni vidogo. Nilirudia mikono mitupu."

Mama Mianda alinitazama. Kisha akamwambia mama, "Ndiyo, nilimuambia achimbe."

Laiti angenipiga. Aibu ilinichoma usoni, nikatamani ardhi inimeze. Yeye hakuwa na chakula, hakuwa na nyumba, na bado alinifichia uongo wangu.

"Hakuniambia," nikasema. "Mi niliiba. Nilidanganya mama."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mama Mianda akaniuliza jambo moja tu. "Na miti yake, uliipanda tena?"

"Nilitupa mu mutaro."

"Hapo njo uliniumiza zaidi. Mwenye njaa anaweza kukosea akachukua muhogo. Lakini ukipanda muti, kesho mwingine atakula. Nenda, itoshe mu mutaro. Ingali mizima."

Tuliyatoa mashina siku ileile. Baba, aliyekuwa amejivunia shu zake miaka yote, alikuja nasi shambani. Alishika jembe akatuchimbia mashimo kati ya mistari ya kabichi zilizokufa. Katikati tukapanda maharagwe. Kisha, kila baada ya siku mbili, nilipeleka kituoni viazi vitamu na lengalenga kutoka shamba la Mama Mianda, vilivyokuwa vimeanza kukomaa, naye akavigawa kwa waliolala karibu na furushi lake.

Treni ilifika baada ya wiki sita. Baba alimsaidia Mama Mianda kupanda, akainamisha kichwa.

"Mama, nililima kitu kimoja kwa mununuzi mumoja," alisema. "Alipoondoka, tulibaki na njaa."

"Mi nilichanganya sababu sikujua shida itapitia wapi," Mama Mianda alijibu. "Kikikufa kimoja, kingine kinakulisha." Kisha akanishika mkono kupitia dirishani. "Blandine, mihogo ikikomaa, batu batauliza mbegu ilitoka wapi. Usidanganye tena. Ubaambie ilikuwa ya Mama Mianda, mwenye alifukuzwa hapa."