Anayesema "Mimi" Ni Nani?

Papa Evode wa kijiji cha Kingi alikuwa amejifunza kusoma, na furaha ilimjaa mpaka kooni. Miezi saba alisoma na watu wazima wenzake kanisani. Sasa alisoma kila kitu: mfuko wa chumvi, ubao wa matangazo, hata karatasi ya sabuni. Mkewe Mukagasana alichoka kusikiliza.

Jumatatu mchana, walipopumzika baada ya kupura maharagi, Evode aliona kaye, daftari la shule la binti yake Umuhoza, juu ya kiti. Akaifungua, akafuata maneno kwa kidole.

"Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi niliingia katika shamba la jirani yetu mjane. Nikaiba maharagi yake."

Kidole kikasimama. Umuhoza, mtoto wa miaka kumi na minne, mwizi! Na jirani yao mjane ni nani kama si Mama Constance? Lo, hasira haina macho! Evode hakugeuza hata ukurasa. Alikamata kuku, akaenda kuomba msamaha. Mama Constance akashangaa, akasema shambani kwake hakujapotea hata punje moja. Evode hakumsikia. Alimwachia kuku, akarudi nyumbani, akamwambia binti yake kwamba Jumamosi hataenda Kashebere kwenye mashindano ya hadithi. Umuhoza alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Pasaka. Alilia mpaka sauti ikakauka.

"Papa, sikuiba. Ile iko hadithi tu."

"Umeandika 'mimi'. Mimi njo nani?"

Mukagasana aliona maji yamezidi unga. Akamwita Mwalimu Gaëlle, yule yule aliyemfundisha Evode kusoma. Mwalimu hakubishana. Alimpa kaye, akamwomba aendelee pale alipoachia. Evode akasoma polepole, jasho likimtoka.

"Nilipotoka shambani, nilifuta maji ya mvua kwenye ndevu zangu nyeupe."

Akamtazama binti yake kidevuni.

"Mutoto wangu hana ndevu," alisema.

"Njo vile, Papa," Mwalimu alijibu. "Umuhoza iko mwandishi. Yeye njo alitunga. Ule muzee anayesema 'mimi' iko musimulizi. Si muntu mumoja."

Hasira ikayeyuka, na hamu ikamshika Evode. Alitaka kujua yote siku hiyo hiyo. Mwalimu akamweleza kwamba watu wa ndani ya hadithi huitwa wahusika. Shamba na siku ile ya mvua ni mandhari, yaani mahali na wakati. Mwalimu alipouliza shida ya hadithi iko wapi, Evode alijibu mwenyewe: njaa inamvuta mzee huku, dhamiri inamvuta kule. Mwalimu akasema huo ndio mgogoro. Wakasoma mpaka mwisho, pale mzee anaporudisha maharagi na mjane anampikia chakula. Evode aliona ujumbe bila kusaidiwa: jirani huombwa, haibiwi. Kisha akamwomba binti yake msamaha mbele ya wote.

Jumamosi walipanda pikipiki mpaka Kashebere. Umuhoza alisoma hadithi yake kwa sauti, na watu wote wakatulia kumsikiliza. Nyuma ya Evode, mama mmoja alinong'ona kwamba huyu mtoto mwizi hata haya hana.

Evode akageuka, kifua mbele.

"Hapana, Mama. Muivi iko musimulizi. Mwandishi njo mutoto wangu."