Kituo Namba Saba Kimeondolewa

"Masele, umefuta kituo changu?"

Masele hakugeuka. Macho yaliganda kwenye kompyuta, kama mtu aliyelisubiri swali hilo tangu asubuhi.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma ripoti. Ukurasa wa kumi na nne. Kituo namba saba, mwaloni Pasiansi, kimeondolewa kwa sababu kifaa ni kibovu. Kifaa ni kibovu, Masele?"

Akinyi alijitupa kitini bila kukaribishwa. Miguu ilimuuma. Kwa miezi minane alikuwa anapanda ngazi, kutoka Nyegezi hadi soko la samaki la mwaloni Pasiansi, kusafisha vifaa vya kupimia hewa na kuchukua takwimu. Masele, mchumba wake, alikuwa anakaa hapa ofisini Mirongo kuzilinganisha na makadirio ya kompyuta, yanayotokana na picha za setilaiti na mwenendo wa upepo. Vituo sita vilikubaliana na kompyuta. Cha saba kiligoma.

"Kompyuta inasema chembe za moshi pale ni ishirini na tano," Masele alisema kwa sauti ya chini. "Kifaa chako kinasema mia na kumi. Josephat kasema yeye kama mkuu wa mradi hawezi kupeleka tofauti kubwa namna hiyo."

"Wewe ukajibu nini?"

"Nikasema sawa."

"Lini?"

Masele akabofya kitu kwenye kompyuta.

"Nakuuliza lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Wiki tatu! Wamekula pamoja, wamechagua kitambaa cha harusi pamoja, na hakufungua mdomo.

"Mama yangu anakaanga mapanki, mabaki ya sangara, chini ya kile kifaa," Akinyi alisema. "Mwaka wa kumi na tisa huu. Kikohozi chake unakijua, umeshampeleka hospitali wewe mwenyewe. Halafu unaandika anavuta hewa nzuri?"

"Aki, nisikilize..."

"Nimechoka. Hata nguvu ya kugombana sina. Mambo ya ndoa tuyaache kwanza."

Akatoka.

Simu yake iliita mara sita. Ijumaa akapata ujumbe: "Aki, nimekosa. Niambie nifanye nini."

Akajibu: "Kesho asubuhi njoo mwaloni na kifaa kipya kutoka stoo. Tukifunge pembeni ya changu."

Masele alifika saa moja asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mama Ayoo, mama yake Akinyi, alikuwa ameshawasha kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo, upepo unageukia huko."

Upepo ukageuka kweli. Moshi wa majiko arobaini ulimfuata kila alikohamia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama Ayoo alimpa maji, naye akakohoa zaidi yake. Saa sita mchana Akinyi alisoma vifaa vyote viwili.

"Changu, mia na kumi na mbili. Chako, mia na tisa."

Masele akashusha pumzi.

"Nilijua, Aki."

"Ulijua nini?"

"Kompyuta inagawa mji kwa miraba ya kilomita kumi. Mraba huu nusu yake ni ziwa. Inachanganya hewa ya majini na moshi wa huku, inatoa wastani. Kifaa chako hakikuwa na kosa. Niliogopa mkataba wangu usiongezwe, ndiyo maana nikanyamaza."

"Mradi mzima wamesoma kwamba natunza kifaa kibovu. Wananiangalia kama mzembe."

Masele akaandika namba zote mbili kwenye daftari.

Jumatatu ripoti ilisomwa mbele ya maofisa wa kata na akina mama wa mwaloni. Josephat alipofika ukurasa wa kumi na nne, Masele akasimama.

"Naomba kusahihisha. Kifaa cha Pasiansi ni kizima. Akinyi alifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Masele, kaa chini!" Josephat alifoka.

"Nikimaliza nitakaa. Hewa ya pale ni mbaya mara nne ya tunavyosema."

Ukumbi ukavuma. Ofisa mmoja akafunga ripoti yake, akaagiza iandikwe upya na majiko ya mwaloni yakakaguliwe wiki hiyo hiyo. Josephat hakumtazama tena Masele.

Baadaye Akinyi alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi za nje. Akakaa pembeni yake.

"Mkataba ndiyo basi tena," Masele alisema.

"Najua."

"Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo. Itachukua muda." Akapiga mwayo mrefu. "Lakini umesimama mbele ya watu wote. Tuoane tu, Masele. Siku ukinificha jambo tena, hunioni."

Masele alianza kuapa. Alizungumza muda mrefu, akahesabu makosa yake moja baada ya jingine, akaomba msamaha kwa kila moja. Alipoona hajibiwi, akageuka taratibu.

Akinyi alikuwa amelala fofofo begani mwake. Masele akakaa vile vile, asijitikise, bega likifa ganzi.