Mfalme wa Joho la Manjano

Leandro Arrascaeta ni mwana wa Fermín, na Fermín ni mwana wa Celedonio, yule aliyeigiza mfalme katika tanzia kongwe ya binti aliyekatazwa na mfalme huyo kumzika kaka yake. Montevideo nzima ilimvulia kofia. Watu wa ukoo huo hawakuvunja ahadi, wala hawakupanda jukwaani wamevaa manjano, rangi ambayo waigizaji wa mji ule huiogopa kama ukoma, wakiamini huleta mkosi.

Jumapili moja, katika msongamano wa gulio la Tristán Narvaja, Leandro alishika taji la bati. Upande wa pili lilishikwa na msichana wa sketi nyekundu.

“Achia, kaka. Nimeliona kwanza.”

“La nini?”

“Mfalme ni mimi. Hunioni?”

Leandro akacheka, akaachia. Jina la msichana lilikuwa Graciana, mwigizaji wa vichekesho. Kufikia majira ya baridi walikuwa wakinywea kibuyu kimoja mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, na Leandro hakuwa na siri tena moyoni.

Siku ya onyesho la kwanza, pazia lilifunguka. Tanzia ileile ya babu yake ilikuwa imegeuzwa kichekesho, na Graciana akatokea, taji la bati kichwani, joho la manjano likiburutika sakafuni. Ukumbi ulipigwa na butwaa, kisha ukaangua kicheko. Leandro akanyanyuka, akatoka.

Asubuhi simu ikalia.

“Mpenzi, mbona uliondoka?”

“Umemdhihaki babu yangu.”

“Babu yako? Nimemdhihaki mfalme! Asiyeogopa mkosi wala maiti, huyo si wa kuchekwa?”

“Manjano, Graciana! Mbele ya watu!”

“Hukuona hata mwisho wake. Kama unaona haya kunipenda, sema tu.”

Akakata simu. Leandro alizunguka ufukweni siku kutwa, upepo ukimpiga, na kila alipojitetea aliisikia ile sauti: hukuona mwisho.

Jumamosi alasiri aliketi safu ya mbele. Maiti ilipopiga chafya na kuomba kibuyu cha mate, alicheka hadi mbavu zikamuuma. Kisha binti akaingia na udongo wa kumzikia kaka yake kiganjani. Mfalme akavua taji, akainamisha kichwa mbele ya udongo ule. Kicheko kilikuwa bado midomoni mwa watu, machozi yakawadondoka. Babu Celedonio aliwaliza waliokuja kulia. Graciana aliwaliza waliokuja kucheka.

Nyuma ya jukwaa, Graciana alimkazia macho.

“We Leandro! Umevaa nini shingoni?”

Ilikuwa tai ya manjano, kali kama kiini cha yai.

“Nisamehe. Kama ni mkosi, tuugawane.”

“Kwa muda gani?”

“Hadi tuzikwe.”

“Atatuzika nani, na mfalme amekataza?”

“Ndiyo maana nataka kumwoa.”

Graciana akacheka huku akilia, akamvika taji la bati.

“Haya. Mfalme amekubali.”

Nanyi vijana, tegeni masikio: heshima ya mababu haipunguzwi na kicheko. Ketini vitini mpaka pazia lishuke, ndipo mhukumu.