Damu ya Kamanthe

Jumamosi hiyo, nyumbani kwao Kalama, Kalondu alikuwa akipepeta mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi. Binti yake Kamanthe, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akimvisha mwanasesere wake wa gunzi. Pikipiki ikasimama langoni. Akashuka kijana mwenye mkoba.

"Hamjambo? Mimi ni Musili. Nimetumwa na ule utafiti wa watoto."

Kalondu aliufahamu utafiti huo. Chuo kikuu kilikuwa kikiwafuatilia watoto wa Kalama tangu walipozaliwa, ili kijue jinsi wanavyokua na kinachowafanya waugue. Kila mwaka Kamanthe alipimwa urefu na uzito. Mwaka huu chuo kilikuwa kimeipa kampuni moja kandarasi ya kutembelea nyumba.

Musili alimpima mtoto uzito. Kisha akatoa sindano.

"Hiyo ni ya nini?" Kalondu aliuliza.

"Damu kidogo tu, mama. Mwaka huu tunachukua damu."

"Nani amekubali?"

"Si nyinyi? Mlikubali alipozaliwa."

"Nilikubali apimwe urefu na uzito. Rudisha sindano yako."

"Sawa. Lakini huko kliniki msije mkanilaumu."

Muema, mumewe Kalondu, alisikia maneno hayo akatoka zizini mbio. Kamanthe aliugua pumu, na kila mwezi alichukua dawa kliniki.

"Mama Kamanthe, mwache atoe! Unataka mtoto anyimwe dawa?"

"Asi! Damu ya mtoto si maji ya kisima cha mchangani mtoni, ati kila apitaye achote!"

Musili aliondoka amenuna. Muema naye alinuna, hata chakula akakisukuma kando.

Kalondu alimwendea jirani yake Nthambi, mhudumu wa afya ya jamii.

"Nthambi, nimemharibia mtoto?"

"Hapana. Matibabu ni haki yake. Utafiti ni jambo lingine. Ukikataa, hakuna mwenye ruhusa ya kumnyima dawa."

"Na ile sahihi niliyotia alipozaliwa?"

"Ilikuwa ya mambo ya wakati ule. Jambo jipya huombewa idhini upya. Hata mkikubali leo, kesho mnaweza kujitoa. Na mtoto mkubwa kama Kamanthe huulizwa pia."

"Basi tuwafukuze kabisa?"

"La, utafiti wenyewe una faida. Wakiwafuatilia watoto kwa miaka mingi, wataweza kujua kama moshi wa jikoni ndio unaoharibu vifua vyao. Lakini lazima waombe."

Jumapili, baada ya ibada, Kalondu aliwaeleza akina mama wenzake maneno ya Nthambi.

"Na wakituita wakaidi?" mmoja aliuliza.

"Watuite. Hakuna sindano mpaka tuelezwe na kuombwa!"

Juma hilo, Musili hakupata tone la damu katika nyumba yoyote. Mwishowe alikuja Daktari Mumbua, msimamizi wa utafiti kutoka chuoni.

"Tuliiharakisha kampuni, ikaruka hatua ya kuuliza," aliwaambia akina mama. "Kosa ni letu tulioitoa kazi." Akaeleza damu ingepimwa nini na ingehifadhiwa wapi. Akaagiza wafanyakazi wa kampuni wafunzwe upya.

Musili aliporudi, alichuchumaa mbele ya Kamanthe, akamweleza kila kitu kwa Kikamba. Kalondu alikuwa ameridhika na maelezo ya daktari, akakubali.

"Na wewe, Kamanthe?" Musili aliuliza.

"Nikikataa, bado mtanipima urefu?"

"Tutakupima."

"Basi nipimeni urefu. Damu sitaki."

Muema alimgeukia mkewe. "Mwambie basi! Si wewe umekubali?"

"Nimekubali kwa upande wangu," Kalondu alijibu. "Damu ni yake."

Musili akaifunga sindano, akatoa kipimo cha urefu.

Siku ya kliniki ilipofika, Muema alimpeleka Kamanthe mwenyewe. Alimwinamia muuguzi kwa hofu.

"Huyu alikataa kutoa damu ya utafiti. Bado atapata dawa?"

Muuguzi alimtazama kwa mshangao. "Utafiti gani, mzee? Mimi hapa natibu kifua."

Akamwekea Kamanthe dawa yake mkononi.