Jiwe la Kipimo la Karangsegoro

Dakta Hanung Prabaswara alikutwa kifudifudi katika chumba cha sampuli za udongo cha taasisi yake, Alhamisi saa nane mchana. Kisogo chake kilikuwa kimepondwa. Kando yake lilikuwa bomba la chuma, lile wanalochimbia udongo, limefutwa likang'aa.

Inspekta Retnaningsih alichutama, akatazama bila kugusa. Kompyuta ya marehemu haikuwepo, wala daftari zake. Pochi ilikuwa mfukoni.

"Mwizi gani huyu, anaacha pochi anabeba daftari?" aliuliza Sajini Wagiman.

"Mwizi msomi."

Daktari wa polisi alikadiria kifo kati ya saa tano na saa saba. Saa hizo watumishi walikuwa wakila. Hakuna aliyeona kitu.

Taasisi ile ya sera za pwani, nje kidogo ya jiji la Semarang, ilikuwa na jambo moja tu mezani. Ijumaa asubuhi maofisa wa mkoa wangeamua kama kaya elfu mbili za kijiji cha Karangsegoro zihamishwe, au zibaki zikingwe kwa ukuta wa bahari. Ripoti iliyosema zibaki ilikuwa ya Profesa Adiwinata, mchumi na mkuu wa taasisi. Hanung alikuwa ameipima ardhi upya, na Ijumaa hiyo angesoma majibu mbele ya mkoa.

Profesa aliwapokea kwa chai na machozi. "Nimemfundisha tangu hajui kushika kalamu, Bu Inspekta," alisema, akimwita Mama kwa heshima ya lugha yao.

"Pole sana, Pak Profesa," naye akamwita Baba. "Saa sita mchana ulikuwa wapi?"

"Karangsegoro, nahoji wenyeji." Alisogeza fomu zilizojazwa. "Huyu hapa, Bu Parinah. Nilikaa mkekani kwake, tukanywa chai."

"Maji hayakukusumbua?"

"Nani aende siku ya maji kujaa? Nilipiga hesabu kwanza. Leo bahari ilikuwa chini ya sakafu zao kwa nusu mita."

Inspekta aliandika maneno hayo yote, neno kwa neno.

"Anajua kulia, mzee huyu," Sajini alisema wakishuka ngazi.

"Na hesabu pia anajua. Twende tukaone."

Nyumba ya Bu Parinah ilikuwa imepandishwa sakafu mara tatu, hata dirisha likawa usawa wa goti. Ndani, Sajini alisimama ameinama kama yuko kwenye rukuu. Kuta zilikuwa bado zimelowa, na harufu ya tope ilikaba koo.

"Mama, profesa alikuja kwako leo saa sita?"

Bu Parinah alicheka. "Profesa yupi? Saa sita nilikuwa juu ya kitanda na kuku zangu. Maji yalifika hapa." Akagusa goti. "Labda alipita anaogelea."

"Hamkunywa chai mkekani?"

"Mkeka wenyewe ulikuwa unaelea, mwanangu!"

Kisha akaacha kucheka. "Anayekuja huku ni yule kijana, Hanung. Nimeshanunua saruji nipandishe sakafu mara ya nne. Akaniambia, ngoja kwanza, Ijumaa nakuletea jibu, upandishe au uhame. Mbona mnatazamana?"

Inspekta hakuwa na moyo wa kumwambia. Aliaga, akatoka haraka, na hasira ilikuwa imemjaa kifuani.

Jioni ile, katika chumba cha mahojiano, Sajini aliweka daftari tatu mezani. Zilitoka kwenye buti la gari la Profesa, pamoja na kompyuta, na moja ilikuwa na doa la damu.

"Njia ya mwongo fupi, Pak," alisema Inspekta. "Leo saa sita Karangsegoro maji yalikuwa magotini."

"Haiwezekani."

"Nimeiona michirizi ya maji ukutani kwa macho yangu. Mara ya mwisho ulifika lini?"

"Miaka minne iliyopita," Profesa alijibu.

"Na hesabu yako inaanzia wapi?"

"Kwenye jiwe la kipimo, tunapoanzia kupima kimo cha ardhi. Nililisimika mwenyewe pale kijijini, miaka kumi na miwili iliyopita."

"Hanung alisema nini juu ya jiwe hilo?"

"Kwamba ardhi inazama, na jiwe linazama nayo. Eti limeshuka karibu mita nzima. Nilidhani amekosea! Mwanafunzi wangu, anidhalilishe mbele ya mkoa mzima, anivue nguo, kwa kosa la hesabu! Nilimwomba asubiri. Akasema watu hawana muda wa kusubiri heshima yangu. Bomba lilikuwa karibu..."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Daftari ulizisoma?"

"Sikuzifungua."

Inspekta alimsukumia moja. Profesa alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata tarakimu. Alirudi nyuma mara mbili kuhakiki. Uso wake ulipauka polepole.

"Kuna mama kule ana saruji tayari," Inspekta alisema. "Anangoja jibu, na mwenye kumjibu umemuua. Basi jibu wewe. Apandishe sakafu, au ahame?"

"Ahame," Profesa alinong'ona.

"Lini?"

"Wote wahame. Walipaswa kuwa wameondoka miaka mitatu iliyopita."

Inspekta aliliandika jibu hilo kwenye hati ya maelezo, akampa kalamu atie sahihi.